Ni maumbile au ni biashara? Siri ya mipaka ya programu katika tarakilishi

MWANZONI mwa mwaka wa 2009, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kwamba toleo la chini kabisa la mfumo endeshi wake mpya, Windows 7, lingemruhusu mtumiaji kuendesha programu tatu pekee kwa wakati mmoja.

Mtu aliyefungua programu ya kuandikia, kivinjari cha kusakura mtandao na programu ya kuchezea muziki angekuwa amefika ukingoni. Ya nne ingekataa kufunguka mpaka mojawapo ya hizo tatu ifungwe, hata kama mashine yenyewe ilikuwa na nguvu za kubeba kumi.

Tangazo hilo lilizua manung'uniko, na kabla ya mwezi wa Mei mwaka huo kumalizika, kampuni ilikuwa imeubatilisha uamuzi wake. Windows 7 ilipoingia madukani Oktoba 22, 2009, kikomo cha programu tatu hakikuwamo.

Hata hivyo, kisa hicho kiliacha swali ambalo lingali na uzito kwa yeyote anayetoa fedha zake kununua tarakilishi au simu. Mashine inapokataa kufanya kazi zaidi, je, imeshindwa au imekatazwa?

Ipo mipaka inayotokana na maumbile ya mashine, ambayo hakuna sheria wala mkataba unaoweza kuiondoa. Ipo pia mipaka inayowekwa kwa makusudi na muuzaji ili bidhaa ile ile iuzwe kwa bei mbalimbali. Asiyeweza kuitofautisha huenda akanunua mashine mpya bila sababu, au akavumilia kwa miaka kasoro ambayo ingetatuliwa kwa gharama ndogo.

Fundi mmoja, nguo nyingi

Tuanze na mipaka ya maumbile. Mchukulie fundi wa cherehani aliye na kibanda sokoni. Amepokea nguo za wateja kumi, lakini anaposhona, hushona moja tu. Hukunja pindo la suruali hii, akaiweka kando, akatia vifungo katika shati lile, kisha akairudia suruali. Jioni ikifika, kila mteja huona kwamba kazi yake ilikuwa ikiendelea.

Hivyo ndivyo ifanyavyo prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi. Kwa kawaida kiini kimoja cha prosesa hutekeleza maagizo ya programu moja tu kwa wakati wowote ule. Kinachotufanya tudhani kwamba muziki unacheza huku barua ikiandikwa na waraka mwingine ukichapishwa ni wepesi wa kubadilisha zamu.

Katika Windows, saa ya ndani inayosaidia kugawa zamu hizo kwa kawaida hugonga takriban mara 64 kwa kila sekunde. Kwa kawaida mtumiaji hatambui zamu hizo zinavyobadilishana.

Wazo lenyewe si la jana. Katika miaka ya kwanza ya tarakilishi, mashine ilifanya kazi moja hadi mwisho kabla ya kuanza nyingine, na wenye kazi walikabidhi kadi zao zilizotobolewa matundu na kungoja.

Mnamo Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ulioruhusu watu kadhaa kuitumia tarakilishi moja kwa pamoja, kila mmoja akijiona kana kwamba ni yake peke yake. Corbató alitunukiwa tuzo ya Turing mnamo 1990, na aliaga dunia 2019.

Tangu 2005, prosesa zenye viini viwili zilipoanza kuuzwa kwa wateja wa kawaida, idadi ya mafundi kibandani imekuwa ikiongezeka. Siku hizi viini vinne au vinane si ajabu hata katika simu. Hata hivyo, tarakilishi iliyowashwa tu, kabla ya mwenyewe kufungua chochote, huwa tayari na kazi ndogo ndogo nyingi zinazoendeshwa kichinichini. Zamu, kwa hivyo, haziepukiki.

Lakini prosesa si mara nyingi ndiyo inayoelemewa. Programu nyingi zilizofunguliwa huwa zimelala, zikingoja mtu abonyeze kitu, na kinacholala hakihitaji zamu. Penye dhiki ni kwingineko, nako ni mezani.

Meza ikijaa

Nguo yoyote ambayo fundi anaishughulikia sharti iwe juu ya meza. Katika tarakilishi, meza hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda, ijulikanayo kwa herufi RAM. Diski ndiyo ghala la nyuma ambako vitu huhifadhiwa hata umeme unapokatika.

Kila programu inayofunguliwa hudai sehemu yake ya meza, na hushikilia sehemu hiyo hata inapolala. Meza ikijaa, mfumo endeshi huchukua kile ambacho hakijaguswa kwa muda, ukakipeleka ghalani na kukirejesha kinapohitajika. Tarakilishi ya Atlas, iliyozinduliwa 1962 katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia ujanja huo wa kuifanya hifadhi ya polepole ionekane kama upanuzi wa kumbukumbu.

Ujanja huo una gharama. Kusoma kitu katika RAM huchukua takriban sehemu moja kwa milioni kumi ya sekunde. Kukitafuta katika diski ya kuzunguka huchukua takriban sehemu moja kwa mia ya sekunde. Tofauti hiyo ni mara laki moja.

Kama fundi wetu angehitaji sekunde moja kuinua nguo iliyo mezani, basi kwa kipimo hicho hicho angehitaji zaidi ya saa 27 kuifuata iliyo ghalani. Safari moja au mbili haziwezi kumharibia siku. Zikiwa elfu, hatashona chochote.

Mnamo 1968, mtaalamu Peter Denning wa Marekani alieleza kwa kina jambo hili linavyotokea. Programu zinapoongezwa, kazi inayofanyika huongezeka pia, lakini hadi kiwango fulani tu. Ukikivuka kiwango hicho, kazi haipungui polepole, huporomoka ghafla, kwa sababu mashine hutumia karibu muda wake wote kubeba vitu huku na huko badala ya kuvishughulikia.

Mtumiaji huona taa ya diski ikimetameta bila kukoma, mshale wa kipanya ukiganda na dirisha likigeuka jeupe. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Tarakilishi iliyofikia hali hiyo haimponyoki mtu kwa moja tu, zote humponyoka kwa mpigo.

La kuzingatia hapa ni kwamba kikomo hiki hakina tarakimu maalumu. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa mashine itabeba programu saba au kumi na mbili. Kinachoamua ni ukubwa wa kila moja. Programu tatu nzito zaweza kuizamisha mashine ambayo ingebeba nyepesi thelathini bila kutokwa jasho.

Na programu zimekuwa zikinenepa. Windows 95 ilihitaji angalau megabaiti 4 za RAM. Windows XP ya mwaka 2001 ilihitaji megabaiti 64, Windows 7 ikadai gigabaiti 1, nayo Windows 11 iliyotolewa 2021 hudai gigabaiti 4. Hilo ni ongezeko la takriban mara elfu moja katika muda wa miaka 26, kabla mtumiaji hajafungua hata programu moja.

Mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, alilalamikia mwelekeo huo katika makala yake ya 1995, akihoji ni kwa nini programu hupunguza kasi upesi kuliko mitambo inavyoiongeza. Malalamiko hayo yangali na mashiko.

Daftari zilizojaa

Kati ya maumbile na biashara ipo aina nyingine ya mipaka, ile itokanayo na maamuzi ya wahandisi. Wanapounda mfumo, huamua mapema ni nafasi ngapi za kuandikia zitakuwamo katika daftari za ndani, na daftari hizo zinaweza kujaa wakati meza ingali wazi.

MS-DOS, mfumo uliokuja na tarakilishi za IBM mnamo 1981, uliundwa kuendesha programu moja kwa wakati mmoja, na mpangilio wa mashine hizo uliziachia programu kilobaiti 640 za kumbukumbu. Kwa miaka mingi waandishi wa programu walihangaika kujipenyeza katika nafasi hiyo.

Watumiaji wa Windows 3.1 katika miaka ya tisini walikumbana na jambo la kushangaza zaidi. Mtu angeweza kuwa na RAM ya kutosha, akafungua madirisha kadhaa na kuambiwa kwamba kumbukumbu imekwisha. Sababu ni kuwa mfumo uliandika orodha ya madirisha na michoro katika daftari zisizozidi kilobaiti 64 kila moja. Kuongeza RAM hakukusaidia, kwa maana meza kubwa haiongezi kurasa za daftari.

Hali kadhalika, mfumo wa biti 32 unaweza kutaja anwani 4,294,967,296 pekee, yaani gigabaiti 4. Anayeweka RAM ya gigabaiti 8 katika tarakilishi yenye Windows ya biti 32 huwa amenunua meza ambayo nusu yake fundi haioni.

Linux nayo kwa muda mrefu iligawa nambari za utambulisho kwa kazi zisizozidi 32,768 isipokuwa mwenyewe abadilishe kiwango hicho, na katika mashine za biti 64 chaweza kupandishwa hadi zaidi ya milioni nne. Huo ni ukingo ambao mtumiaji wa kawaida hataufikia maishani.

Mipaka ya aina hii iliudhi, lakini haikuwa ya hila. Wahandisi walibana matumizi kwa sababu vipuri vilikuwa ghali, na teknolojia iliporuhusu, waliiondoa.

Kikomo cha muuzaji

Kikomo cha programu tatu kilikuwa cha ukoo mwingine kabisa, nacho hakikuanza na Windows 7.

Mnamo Agosti 2004, Microsoft ilitangaza Windows XP Starter Edition, toleo la bei ya chini lililokusudiwa mataifa yanayoendelea. Thailand, Indonesia na Malaysia zilikuwa za kwanza, kisha India na Urusi zikafuata. Wateja wa Marekani na Ulaya Magharibi hawakuuziwa toleo hilo.

Mtumiaji wake aliruhusiwa programu tatu kwa wakati mmoja, na kila programu madirisha matatu. Hakuweza kufungua akaunti kadhaa za watumiaji wala kuunganisha tarakilishi za nyumbani katika mtandao mmoja. Alipojaribu kufungua programu ya nne, mfumo ulimjulisha kwamba amefikia kikomo.

Haja ya toleo hilo inaeleweka ukitazama hali ya soko. Serikali ya Thailand ilikuwa imeanzisha mwaka wa 2003 mpango wa kuwauzia raia tarakilishi za bei nafuu zilizotumia Linux, mfumo usiolipiwa. Aidha, nakala haramu za Windows zilikuwa zimezagaa kote barani Asia. Microsoft ilihitaji bidhaa ambayo mtu wa kipato cha chini angeimudu, lakini ambayo tajiri asingeitamani.

Kampuni ilieleza kwamba toleo hilo liliundwa kwa ajili ya mtu anayetumia tarakilishi kwa mara ya kwanza, na kwamba lilikuwa sahili na lenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Wakosoaji nao waliona kuwa mgeni wa tarakilishi ndiye hasa ambaye husahau kufunga madirisha, na kumkatalia dirisha la nne hakumfundishi lolote.

Windows Vista ilipokuja 2007, nayo ilikuwa na toleo la Starter lenye kikomo hicho hicho cha programu tatu. Mwaka huo huo, kampuni ya Asus ya Taiwan ilizindua Eee PC, kipakatalishi kidogo chenye kioo cha inchi 7 kilichouzwa kwa bei ndogo huku kikitumia Linux. Vipakatalishi vya aina hiyo vilipendwa upesi, na Vista ilikuwa nzito mno kuvitoshea. Microsoft ililazimika kurefusha maisha ya Windows XP ili isipoteze soko hilo.

Ndipo mwaka wa 2009 ikaamua kwamba Windows 7 Starter ingeuzwa duniani kote ndani ya vipakatalishi vidogo, si katika nchi zinazoendelea tu. Kikomo kilichowekewa maskini wa mataifa ya mbali sasa kilibisha hodi kwa mnunuzi wa Marekani na Uingereza. Katika miezi michache hakikuwapo tena.

Kwa Wakenya, wakati huo haukuwa wa kupuuzwa. Ni katika mwaka huo wa 2009 ambapo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, zikafungua njia ya mtandao wa kasi. Familia nyingi zilikuwa zikifikiria kununua tarakilishi yao ya kwanza, nazo ndizo zinazovutiwa zaidi na bei ya chini.

Kuharibu ili kuuza

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba toleo lenye kikomo halikuwa rahisi zaidi kutengeneza. Programu ikishaandikwa, kuinakili hakugharimu takriban chochote. Kinyume chake, sharti mtu alipwe kuandika maagizo ya ziada ya kuhesabu programu zilizofunguliwa, kuacha zile za kukinga virusi nje ya hesabu, na kukataa ya nne. Kazi iliongezwa ili bidhaa ipungue.

Wanauchumi Raymond Deneckere na Preston McAfee walilichunguza jambo hili katika utafiti wao wa 1996, wakiziita bidhaa za namna hiyo bidhaa zilizoharibiwa. Mfano wao mmoja ni mashine ya uchapishaji ya IBM, LaserPrinter E, ya mwaka 1990. Ilichapisha kurasa tano kwa dakika ilhali ndugu yake wa bei ghali alichapisha kumi. Zilikuwa karibu sawa kwa kila hali, ila ile ya bei nafuu ilitiwa vifaa vya ziada vya kuichelewesha.

Kampuni ya Intel nayo iliuza mnamo 1991 prosesa iitwayo 486SX, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ile ile 486DX iliyozimwa sehemu yake ya kufanyia hesabu ngumu.

Mhandisi Jules Dupuit wa Ufaransa alikuwa ameling'amua hilo tangu 1849. Aliandika kuhusu mabehewa ya daraja la tatu yasiyokuwa na paa, akieleza kwamba kampuni za reli hazikukosa fedha za kuyaezeka. Zililenga kumtisha abiria wa daraja la pili asije akahamia la tatu. Maskini alinyeshewa ili mwenye uwezo alipe.

Haki hudai tuseme pia kwamba desturi hii haina ubaya kila mara. Deneckere na McAfee wenyewe walionyesha kuwa zipo hali ambapo wote hunufaika. Bila behewa la tatu, huenda maskini angetembea kwa miguu. Bila toleo la bei ndogo, huenda kijana asingepata tarakilishi kwa njia halali.

Kosa, basi, haliko katika bei nafuu. Liko katika kumfanya mnunuzi aamini kwamba mashine yake haina nguvu, ilhali nguvu imo na imefungwa kufuli. Mwenye kulijua hilo anaweza kukubali, kukataa au kutafuta mfumo mwingine. Asiyelijua hana uchaguzi wowote.

Isitoshe, kufutwa kwa kikomo cha programu tatu hakukukomesha desturi yenyewe. Windows 7 Starter ilibaki bila uwezo wa kubadilisha picha ya mandhari ya kioo, na ilitambua RAM isiyozidi gigabaiti 2. Miongoni mwa matoleo ya biti 64, Home Basic ilitambua gigabaiti 8, Home Premium 16, nayo Professional 192. Mashine ingeweza kuwa moja, tofauti ikawa leseni tu.

Toleo la Starter halikuendelezwa katika Windows 8 ya mwaka 2012, na Windows 7 yenyewe ilikoma kupokea msaada wa kawaida wa usalama Januari 14, 2020.

Simu nayo

Kwa Wakenya wengi leo, tarakilishi ya kwanza na pengine ya pekee ni simu. Huko nako mipaka imo, na wakati mwingine ni vigumu kujua ni ya ukoo gani.

Kampuni ya Apple ilipofungua soko lake la programu za iPhone mnamo Julai 2008, programu za watu wengine hazikuruhusiwa kuendelea kufanya kazi mara mtumiaji alipozitoka. Ruhusa ilikuja Juni 2010 na toleo la nne la mfumo wake, lakini wenye iPhone 3G, yenye RAM ya megabaiti 128, waliachwa nje. Ni muuzaji aliyekata shauri, lakini ufinyu wa meza na uchache wa chaji ya betri ulikuwa wa kweli.

Simu za Android hufuata njia nyingine. Hazimhesabii mtu programu, humwacha afungue nyingi atakavyo. Kumbukumbu inapokaribia kwisha, mfumo huziua kimyakimya zile zilizo nyuma, ukianza na zisizohitajika sana. Hii ndiyo sababu mtu huacha fomu akiwa katikati ya kuijaza, akaenda kusoma ujumbe, na anaporudi hukuta fomu imeanza upya. Wengi hudhani ni mtandao mbovu, kumbe ni meza iliyojaa.

Kwa kutambua shida hiyo, Google ilitoa Desemba 2017 toleo la Android lililopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au chini yake. Halikuweka idadi ya programu zinazoruhusiwa, lilijaribu kuzifanya programu zenyewe ziwe ndogo. Hiyo ni njia ya kumhudumia mtu wa kipato cha chini bila kumfungia mlango.

Kenya yenyewe ina mfano ulio bora zaidi. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilitumia menyu iliyomo katika kadi ya simu. Haikuhitaji simu ya kisasa wala RAM ya kutajika, na kwa sababu hiyo ilimfikia mkulima na mchuuzi aliye na simu ya bei ya chini kabisa. Wepesi wa programu ulifungua kile ambacho uzito ungekifunga.

Mnunuzi afanye nini?

Mtu ambaye tarakilishi yake imekuwa nzito asikimbilie dukani. Hatua ya kwanza ni kujua kinachojaa. Katika Windows, kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua orodha ya programu zinazoendeshwa, pamoja na kiasi cha prosesa, kumbukumbu na diski kinachotumika.

Ikiwa kumbukumbu imekaribia asilimia mia moja, meza imejaa. Mara nyingi mtumizi mkuu huwa ni kivinjari, kwa maana vivinjari vya kisasa huendesha kurasa nyingi kana kwamba kila mojawapo ni programu kamili. Kurasa 20 zilizoachwa wazi zaweza kudai nafasi kubwa kuliko programu nyingine zote kwa jumla. Kuzifunga hakugharimu hata senti.

Pili, kagua programu zinazojifungua zenyewe mashine inapowashwa. Nyingi ziliingia pamoja na vitu vingine bila mwenyewe kuombwa idhini, nazo hukaa mezani kutwa.

Tatu, ikiwa meza bado ni finyu, uliza kama RAM yaweza kuongezwa. Katika tarakilishi nyingi za mezani na vipakatalishi vya zamani inawezekana, lakini baadhi ya vipakatalishi vyembamba vya sasa RAM yake imegandishwa kwenye bodi, na anayekinunua hataweza kuiongeza kamwe. Kabla ya kuongeza, hakikisha kwamba mfumo wako ni wa biti 64. Usipokuwa, kila kinachozidi gigabaiti 4 hakitakufaa.

Nne, kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka ya kisasa isiyokuwa na sehemu zinazosogea hupunguza sana adhabu ya meza kujaa. Tofauti ya mara laki moja hushuka hadi takriban mara elfu moja, na mashine iliyodhaniwa imezeeka huweza kuhuika.

Tano, kwa wanaonunua tarakilishi zilizotumika, ambazo ni nyingi katika maduka yetu, usiulize tu mashine ina RAM kiasi gani. Uliza pia ni toleo lipi la mfumo endeshi limewekwa, na toleo hilo linaruhusu nini. Likiwa na kufuli, Linux inaweza kusakinishwa katika mashine hiyo hiyo bila malipo, nayo haitauliza mwenyewe anatoka nchi gani wala analipwa mshahara kiasi gani.

Mashine iliyoshindwa huonyesha dalili. Hupunguza mwendo, huvuma na hatimaye huganda. Iliyokatazwa hukataa mara moja, kwa ujumbe nadhifu, huku ikiwa na nafasi tele. Mnunuzi akishaona tofauti hiyo, atajua kama amtafute fundi au arudi kwa muuzaji na kumwuliza ni nini hasa alichouziwa.